Macho ya Rubani na Taa Nne

Msikilizaji, leo nimekuletea mazungumzo ya kitabu kimoja chembamba ambacho hakina hadithi ndani yake, hakina hata sentensi moja, lakini kimewarudisha nyumbani vijana wengi waliokuwa wamekwisha kujiona angani. Ukikifungua, kila ukurasa una duara, na ndani ya duara kuna nukta za rangi, kubwa kwa ndogo, zimejazana kama kunde zilizomwagwa kwenye ungo. Daktari anakuwekea mbele ya macho, anasema: soma namba. Hakupi muda wa kutafakari. Sekunde chache, ukurasa unageuzwa.

Ukurasa wa kwanza ni 12. Hiyo kila mwenye kuona huisoma, awe anatofautisha rangi au hatofautishi. Imewekwa makusudi: anayesema haioni 12, ama hajaelewa anachoulizwa, ama ana ugonjwa mwingine wa macho, ama anamfanyia daktari mchezo. Kuanzia hapo ndipo shughuli yenyewe inapoanza. Kuna ukurasa ambao wengi wetu tutasoma 74, na mwenzetu mmoja atasoma 21, tena kwa sauti ya kujiamini kabisa, maana 21 ndiyo anayoiona. Kuna ambao wengine husoma 29 na wengine 70. Na kuna kurasa zinazonifurahisha mimi kuliko zote: mwenye macho ya kawaida anakodoa asione kitu, na yule mwenye kasoro anaona namba. Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani aliyechapisha kitabu hiki mwaka 1917, alijua anachokifanya. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kitabu chake ndicho bado kinafunguliwa mbele ya anayetaka kuwa rubani, Nairobi, Dar es Salaam, London, na kwingineko kwingi.

Swali langu la leo ni hili: kusoma namba kwenye nukta kunahusiana vipi na kutua na ndege salama?

Kwanza tuelewane kuhusu kasoro yenyewe. Watu husema upofu wa rangi, na mara moja msikilizaji anapata picha ya mtu anayeiona dunia kama televisheni ya zamani, nyeusi na nyeupe. Wa namna hiyo wapo, lakini ni nadra mno. Wengi wanaoitwa hivyo huona rangi vizuri tu, ila baadhi ya rangi kwao hukaribiana zikachanganyika: nyekundu na kijani, kijani na hudhurungi, nyekundu iliyofifia na njano. Nyuma ya jicho kuna seli ziitwazo koni, za aina tatu. Moja huitikia zaidi mwanga wa mawimbi marefu, ya pili wa kati, ya tatu wa mafupi. Ubongo hulinganisha taarifa za hizo tatu ndipo unasema, hii nyekundu, ile kijani. Aina moja ikikosekana, au ikiwepo lakini imesogea ikafanana na jirani yake, ulinganisho unaharibika.

Vinasaba vya koni mbili za kwanza viko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili, moja ikiwa na hitilafu nyingine humwokoa. Mwanamume anayo moja tu, na ameipata kwa mama yake. Kwa hiyo kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, mwanamume 1 kati ya 12 ana kasoro hii, na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa watu wa Afrika tafiti hutoa viwango vya chini zaidi, lakini si sifuri. Na wazee wetu waliposema mtoto wa kiume huchukua kwa mjomba, hapa wangeshangiliwa na wanasayansi: ukitaka kujua kama kijana wako yuko hatarini, usimtazame baba yake, mtazame kaka wa mama yake na babu mzaa mama.

Sasa twende uwanjani, usiku.

Uwanja wa ndege usiku husomwa kwa rangi. Taa za pembeni mwa njia ya kurukia ni nyeupe. Mwanzo wa njia ni kijani, mwisho wake ni nyekundu. Barabara za pembeni, zile ndege inazopitia kwenda maegeshoni, zina taa za buluu kingoni. Ndege yenyewe ina taa nyekundu kwenye bawa la kushoto na kijani kwenye bawa la kulia, ili ukiona ndege nyingine gizani ujue inakujia au inakwenda zake. Na redio ikifa, mwongoza ndege aliye mnarani ana taa ya mkononi anayokumulikia: kijani isiyopepesa maana yake tua, nyekundu isiyopepesa maana yake mpishe mwenzio uendelee kuzunguka, nyekundu inayopepesa maana yake uwanja si salama, usitue.

Lakini za kukumbuka leo ni taa nne. Zimepangwa mstari mmoja kando ya njia, kwa kawaida upande wa kushoto, na marubani huziita PAPI. Kila moja hutoa mwanga mweupe kwa juu na mwekundu kwa chini, na zimeinamishwa kwa pembe zinazopishana kidogo. Rubani anayekuja kutua akiziona nne zote nyeupe, yuko juu mno. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawasawa kwenye mteremko wake, ambao kwa kawaida ni nyuzi 3. Tatu nyekundu, ameanza kushuka kupita kiasi. Nne nyekundu: yuko chini, chini sana, na kama kuna miti mbele yake ataijua. Hakuna maandishi, hakuna sauti, ni rangi tu. Unaona sasa kwa nini madaktari wana wasiwasi.

Tarehe 26 Julai 2002, saa 11 na dakika 37 alfajiri, ndege ya mizigo aina ya Boeing 727 ya kampuni ya FedEx, ikitokea Memphis, ilikuwa inakuja kutua Tallahassee, jimbo la Florida, Marekani. Kulikuwa bado giza. Upande waliokuwa wanatokea ulikuwa na msitu, na msitu usiku hauna taa hata moja ya kukuonyesha ardhi iko wapi. Ndani walikuwa watu watatu: kapteni, rubani msaidizi na injinia wa ndege. Aliyeshika usukani ni rubani msaidizi. Ndege iligonga miti, ikaanguka kabla ya kuifikia njia, ikashika moto. Wote watatu walitoka hai, lakini wameumia vibaya.

Wachunguzi wakauliza: zile taa nne zilikuwa zinafanya kazi? Zilikuwa zinafanya kazi. Kwa mahali ndege ilipokuwa, zilikuwa zinaonyesha nini? Tatu nyekundu na moja nyeupe, kisha nne nyekundu. Basi ikawaje mtu akaendelea kushuka?

Hapo ndipo faili la afya la rubani msaidizi lilipofunguliwa. Alikuwa na kasoro ya kuona rangi, na haikuwa siri. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikuwa inaijua na ilimpa ruhusa maalumu. Jeshini, alikorukia kabla, alikuwa amepita kipimo cha taa, kifaa kinachoonyesha taa mbili mbili, za rangi nyekundu, kijani au nyeupe, nawe unazitaja. Kifaa hicho kilibuniwa na Dean Farnsworth kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na nia yake ilikuwa kuwapitisha wenye kasoro ndogo na kuwazuia wenye kasoro kubwa. Baada ya ajali alipimwa upya kwa vipimo vya kisasa zaidi, ikaonekana kasoro yake ni kubwa, na kwamba huenda alipata shida ya kutofautisha nyeupe na nyekundu za PAPI. Yaani chujio lilikuwepo, na alilipita.

Msikilizaji anaweza kusema, basi, kesi imekwisha. Haijaisha. Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, iliyotoka mwaka 2004, haikumtwisha mzigo wote mtu mmoja. Ilisema chanzo ni kapteni na rubani msaidizi kushindwa kuiweka ndege kwenye mteremko sahihi na kuibakisha humo. Yaliyochangia ni uchovu, kutofuata taratibu za kutua, kapteni na injinia kutosimamia alichokuwa anafanya rubani msaidizi, na kasoro ya macho ya rubani huyo. Macho yamo, lakini yamo katika orodha. Na mimi kinachonisumbua katika ajali ile ni kwamba humo ndani mlikuwa na watu wengine wawili, na hakuna aliyesema kwa sauti: tuko chini, pandisha. Ukiyalaumu macho ya mtu mmoja tu, hao wawili wanakuponyoka.

Ajabu ni kwamba hata kipimo cha rangi chenyewe kilizaliwa na ajali yenye utata kama huu. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Novemba 1875, treni mbili ziligongana uso kwa uso karibu na Lagerlunda, Sweden, watu 9 wakafa. Profesa Frithiof Holmgren wa Chuo Kikuu cha Uppsala akashikilia kwamba huenda aliyekuwa kwenye injini hakuzitambua rangi za taa za ishara. Akaenda kwenye reli ya Uppsala hadi Gävle na rundo la nyuzi za sufu. Anakupa uzi wa kijani kilichopauka, anakwambia nichagulie zote zinazofanana na huu. Mwenye kasoro anachanganya humo kijivu na hudhurungi bila hata kusita. Kati ya wafanyakazi 266 akawapata 13. Hoja yake ikashinda, shirika la reli likakubali, na desturi ikasambaa kwenye treni, kisha meli, kisha ndege. Lakini wanahistoria wa sayansi walioirudia kesi ile karne hii wanasema ushahidi kwamba ajali ilisababishwa na macho ni dhaifu. Dereva alikwisha kufa, na maiti haipimwi kwa sufu.

Kwa hiyo kwa miaka mingi hoja ya wenye kasoro imekuwa hii: nionyesheni ajali. Na aliyeisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Arthur Pape wa Australia, ambaye ni daktari, ni rubani, na ana kasoro hiyo mwenyewe. Alisema rangi kwenye ndege ni kama ziada. Taa ya kulia na ya kushoto unaweza kuzijua kwa mwendo wake. Urefu wa kutua unasoma kwenye vifaa, na unauona kwa umbo la njia yenyewe jinsi inavyorefuka au kubonyea mbele yako. Ishara ya hatari kwenye chumba cha rubani ina maandishi na mlio, haina wekundu peke yake. Aliupeleka mgogoro huo mbele ya baraza la rufaa za kiutawala la nchi yake, na mwaka 1989, katika shauri linalojulikana kwa jina la Denison, baraza likasikiliza wataalamu wa kila upande na kwa sehemu kubwa likakubaliana naye. Australia ikafungua mlango ambao nchi nyingine ziliufunga, na marubani wenye kasoro wakaruka hata usiku.

Mimi hoja ya Pape naiheshimu, lakini kuna mahali inanishinda. Ni kweli kwamba taarifa ya rangi mara nyingi ina pacha wake mahali pengine. Lakini usafiri wa anga umekuwa salama kwa sababu ya hao pacha. Umechoka, ni alfajiri, vifaa vya kukushusha kwa mteremko havipo kwenye njia ile, chini ni msitu mweusi. Pacha mmoja baada ya mwingine anaondoka, mpaka unabaki na zile taa nne. Ziada huonekana ni ziada mpaka siku unayoihitaji. Ajali ya Tallahassee ilitokea miaka 13 baada ya shauri la Denison.

Na upande wa pili nao nina ugomvi nao. Kitabu cha Ishihara hakikutengenezwa kukwambia nani anaweza kurusha ndege. Kilitengenezwa kumkamata kila mwenye kasoro ya nyekundu na kijani, hata ndogo, na kwa kazi hiyo ni hodari. Lakini hakikwambii kasoro ni kubwa kiasi gani. Aliyekosa kurasa nyingi anaweza kuwa na kasoro ya wastani, na kijana ambaye angezisoma taa nne bila kosa hata moja anarudishwa pamoja na yule ambaye hazioni kabisa. Wote wameandikiwa neno moja: ameshindwa.

Hapa ndipo kazi iliyofanywa London inanivutia. Profesa John Barbur na wenzake wa City University, wakishirikiana na mamlaka ya anga ya Uingereza, waliacha kubishana juu ya kitabu wakauliza swali la fundi: ni kazi gani ya rubani inayodai rangi kuliko zote, na haina pacha wa karibu? Wakaona ni zile taa za PAPI. Wakatengeneza taa za mfano maabara, wakawaweka watu wenye macho ya kawaida na wenye kasoro za viwango mbalimbali, wakahesabu makosa. Sambamba na hayo wakawapima kwa kompyuta, kwa kipimo kiitwacho CAD.

Nieleze kidogo, kwa sababu ni kipimo kizuri. Kwenye kioo kuna vijiraba vya kijivu vinavyopepesa bila kukoma, kimoja kinang'aa kingine kinafifia. Katikati ya kupepesa huko kinapita kiraba cha rangi, kinakwenda kona moja kati ya nne, nawe unabonyeza kitufe kuonyesha kimeelekea wapi. Kule kupepesa kuna sababu. Mwenye kasoro amezoea kujisaidia kwa mwangaza: hiki kimekolea, hiki kimepauka, basi hiki ni chekundu. Mwangaza ukivurugwa, anabaki na rangi peke yake. Kompyuta inaipunguza rangi hatua kwa hatua mpaka ijue unaishia wapi. Hakuna namba ya kukariri. Na jibu haliji kwa neno la kupita au kushindwa, linakuja kwa kipimo: mtu wa kawaida ni 1, huyu anahitaji rangi mara 4 ya hiyo, yule mara 15.

Ripoti yao ya mwaka 2009 ikasema: wenye kasoro ya koni ya mawimbi ya kati wenye kipimo kisichozidi 6, na wenye kasoro ya koni ya mawimbi marefu wenye kipimo kisichozidi 12, huzisoma taa za PAPI sawa na mtu mwenye macho ya kawaida. Utauliza kwa nini hao wa pili wameongezewa. Ni kwa sababu kwao wekundu huonekana umefifia, na kufifia huko kunawasaidia kuutenga na weupe. Kasoro yao yenyewe inawapa fununu. Kwa hesabu hiyo, karibu theluthi moja ya watu ambao kitabu kingewarudisha nyumbani wanaweza kuruka bila kumhatarisha mtu. Theluthi mbili hawawezi, na hilo nalo limesemwa wazi. Mimi naliita hili jibu la kiungwana kuliko lile la Ishihara na kuliko lile la Pape, kwa sababu limeanzia kwenye kazi ndipo likaenda kwenye jicho.

Sasa, kuhusu udanganyifu, maana najua kuna kijana ananisikiliza ameanza kutafuta kurasa za kitabu kwenye simu. Kurasa zipo, na kukariri watu wanakariri. Ndiyo maana daktari makini hazionyeshi kwa mpangilio, anazichanganya. Kanuni za Ulaya zinamtaka afanye hivyo, na zinadai kurasa 15 za kwanza za toleo la kurasa 24 zisomwe bila kosa. Ujanja wa pili ni wa taa. Kitabu kinatakiwa kisomwe kwa mwanga wa mchana au wa taa inayofanana nao. Ukikisoma chini ya balbu ya zamani yenye unjano, baadhi ya wenye kasoro wanaanza kuona namba. John Dalton, mwanakemia wa Manchester, aligundua macho yake ni tofauti kwa njia hiyohiyo mwishoni mwa karne ya 18: ua la rangi ya waridi lililokuwa buluu kwake mchana liligeuka jekundu alipoliangalia kwa mshumaa, na wenzake wakashangaa anasema nini. Kwa hiyo kliniki yenye balbu mbaya au kitabu kilichochujuka juani inaweza kumpitisha asiyestahili na kumwangusha anayestahili. Ujanja wa tatu ni miwani na lenzi za rangi zinazouzwa kwa ahadi kubwa. Zinabadilisha mwangaza wa baadhi ya rangi, basi namba inachomoza, lakini koni hazijaongezeka hata moja, na FAA haikubali zitumike kwenye kipimo wala kwenye ndege. Hata miwani ya jua ya rubani, ushauri wa kimataifa ni iwe ya kijivu, isiyogeuza rangi.

Tuje nyumbani. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zetu zote zimo katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na kanuni zake za afya zimo katika Kiambatisho cha 1 cha mkataba wake. Zinasema mwombaji aonyeshe uwezo wa kutambua kwa urahisi rangi zinazohitajika kwa kazi yake. Akishindwa kitabu, bado anaweza kukubaliwa iwapo kwa kipimo kingine atazitofautisha rangi za uongozaji ndege na kuzitaja taa bila kukosea. Akishindwa na hicho, hafai. Ila kwa daraja la pili, la wanaorusha ndege kwa shughuli zao binafsi, anaweza kupewa cheti cha kuruka mchana tu. Daraja la kwanza, la rubani wa kulipwa, halina mlango huo. La tatu ni la waongoza ndege, nao wanapimwa rangi.

Hapa nina neno la kunung'unika. Viwanja vingi vya mbugani kwetu havina taa hata moja. Ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti au Maasai Mara zinaruka asubuhi, zinatua jioni jua likiwa bado lipo, na njia yenyewe ni changarawe. Kijana mwenye kasoro anaruhusiwa kwenda huko mchana na ndege yake mwenyewe, akiwa nayo, akimchukua mjomba wake na mke wa mjomba bila malipo. Wakimlipa nauli, macho yaleyale hayafai. Najua jibu la wakubwa: rubani wa kulipwa leo yuko mbugani, kesho anatumwa uwanja mkubwa usiku, na kampuni yenye haraka haiangalii cheti kina maneno gani madogo. Ni jibu zito. Lakini cheti cha mipaka kinachosimamiwa si kitu kisichowezekana, na ningependa mamlaka zetu zilizungumze hili, badala ya kungoja Ulaya na Marekani ziamue kisha sisi tunakili.

Jambo jingine ni la mzazi. Mafunzo ya urubani ni mamilioni ya shilingi. Familia inauza kiwanja, shangazi anachangishwa, harambee inaitishwa, na cheti cha afya kinafikiriwa mwisho kwa sababu kijana ni mzima, anacheza mpira, hajawahi kulazwa. Kasoro ya rangi haiumi. Aliyezaliwa nayo hajui kama anayo. Ameambiwa tangu mdogo kwamba majani ni kijani naye husema ni kijani. Mwalimu alimchapa kwa kupaka mti rangi ya hudhurungi ikaishia hapo. Mpelekeni kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga kabla ya kulipa ada, si baada. Na akishindwa kitabu, ulizeni kuna kipimo gani cha pili na kinapatikana wapi, kabla hamjaanza kulia.

Nisisahau kwamba kuna kasoro za kupatikana ukubwani. Kisukari kikiharibu nyuma ya jicho, presha ya macho, dawa ya kifua kikuu iitwayo ethambutoli kwa baadhi ya watu, vyote vinaweza kugusa rangi. Hata zile dawa za nguvu za kiume ambazo jamaa hununua kimyakimya huweza kuifanya dunia ionekane na ubuluu kwa saa kadhaa, na rubani aliyepangiwa safari usiku huo angefanya vizuri kumwambia daktari wake hata kama hamwambii mwingine. Kasoro za baadaye mara nyingi huanzia kwenye buluu na njano, na kitabu cha Ishihara hakizigusi kabisa.

Hiyo ni moja ya sababu zilizoifanya FAA ya Marekani ibadili utaratibu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, mwombaji mpya wa cheti cha afya hapimwi tena kwa kitabu. Anapimwa kwa kompyuta, kwa kimoja kati ya vipimo vitatu vilivyokubaliwa, na CAD ya London ni mojawapo. Akishindwa, anaruhusiwa kuruka mchana tu, kwa hali ya hewa ya kuona. Lakini wale waliokwisha kupita kwa vipimo vya zamani hawakuitwa tena. Wanaendelea na vyeti vyao. Kwa hiyo wachukue ndugu wawili wa mama mmoja, wenye macho yanayofanana kabisa. Mkubwa alipita kipimo cha zamani cha taa Desemba 2024. Mdogo akaenda Januari, kompyuta ikamkataa. Mkubwa anaruka usiku na abiria nyuma yake. Mdogo anatakiwa awe chini jua linapozama. Siku mamlaka zetu zitakapoleta kompyuta hizo, na zitaletwa, swali hilo litakuwa letu: tuwaite waliokwisha kupita, au tuwaache?

Barua zenu nazisubiri, hasa za madaktari wa macho na marubani.